PowerPoint, Impress au Google Slides: ipi inatoa kadi ya sikukuu isiyotia aibu?

Ikifika katikati ya Desemba, simu za Dodoma hujaa kadi zilezile: msonobari, theluji, mzee mwenye ndevu nyeupe, na pembeni jina la programu iliyoitengeneza. Mtu wa Nkuhungu anatumiwa theluji wakati mibuyu ya huku imeanza kuvaa majani. Hakasiriki, ila kadi hiyo haifungui mara mbili. Kadi ya kujitengenezea inaishinda ile ya kupakua kwa mambo mawili: ina jina la anayepokea, na ina kitu anachokijua. Kwa kazi hiyo programu za slaidi, hizi hizi za semina na za mawasilisho ya chuoni, ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani.

Tatu ndizo zinazopatikana kirahisi: PowerPoint ya Microsoft, Impress iliyomo ndani ya LibreOffice, na Google Slides. Mwenye orodha ndefu ya watu wa kuwatumia achukue PowerPoint ya Windows, wala asihangaike. Asiyetaka kulipia leseni na ana kadi chache achukue Impress. Kupakua LibreOffice kunakula MB 350 hivi mara moja, kisha haidai bando tena. Google Slides inawafaa zaidi kamati na familia zinazotengeneza kadi moja wakiwa mbalimbali.

Kosa linaloharibu kadi nyingi hutokea kabla hata ya herufi ya kwanza kuandikwa, nalo ni ukubwa wa slaidi. PowerPoint ikifunguka hukupa slaidi ya kulala, sentimita 33.867 kwa 19.05, iliyokusudiwa projekta. Ukiihifadhi kama picha kwenye Windows inatoka na pikseli 1280 kwa 720, kwa kuwa programu huhesabu pikseli 96 kwa kila inchi. Kwenye simu iliyoshikwa wima kadi hiyo inakuwa utepe mwembamba katikati ya kioo, juu giza na chini giza. Nenda Design, kisha Slide Size, kisha Custom Slide Size, uandike upana 28.575 na urefu 50.8. Hizo ni inchi 11.25 kwa 20, na kwa hesabu ile ile ya 96 unapata pikseli 1080 kwa 1920, yaani kioo kizima. Kadi ya mraba iwe 28.575 kila upande. Wapo mafundi watakaokwambia uingie kwenye registry ya Windows kuongeza ubora wa picha, huna haja. Slaidi ikiwa kubwa, picha nayo inatoka kubwa.

Lifanye hilo kwanza. Ukibadili ukubwa wakati kadi imeshapangwa, PowerPoint inakuuliza Maximize au Ensure Fit: ya kwanza inakata kingo, ya pili inasinyaza kila kitu, na kwa vyovyote unapanga upya.

Kwenye Impress slaidi ya kawaida ni sentimita 28 kwa 15.75. Fungua Slide, kisha Slide Properties, andika 27 kwa 48, ambao ni uwiano ule ule wa kioo cha simu. Uzuri wa Impress unaonekana mwishoni: File, Export, chagua PNG, na hapo inakuuliza unataka pikseli ngapi. Unaandika 1080, urefu unajipanga wenyewe. PowerPoint ya Windows haina ustaarabu huo. Ubaya ni kwamba Impress inatoa slaidi moja tu, ile uliyoiweka mbele. Kadi tano, sawa. Kadi sitini, unafanya kazi ile ile mara sitini. Google Slides nayo inakubali pikseli moja kwa moja: File, Page setup, Custom, badili kipimo kiwe Pixels, andika 1080 na 1920. Fanya hivyo kwenye kompyuta kupitia kivinjari, ndipo uendelee na kazi nyingine kwenye simu.

Kwa slaidi ya ukubwa huo, sahau saizi za herufi ulizozoea. Pointi 36 hapa ni pikseli 48, na kwenye simu ya kawaida hiyo ni kama milimita 3 za urefu. Usishuke chini ya hapo. Bibi wa miaka sabini hana muda wa kukuza picha kwa vidole. Salamu kuu iwe kati ya pointi 96 na 130. Acha pia sentimita 6 hadi 7 tupu juu na chini, kwa sababu kadi ikiwekwa Status ya WhatsApp, juu hukaa jina la mwenye simu na chini hukaa sehemu ya kujibu. Jina la familia likikaa pale chini kabisa limepotea.

Sasa michoro, na hapa ndipo PowerPoint inapolipa. Hakuna sababu ya kuokota msonobari mtandaoni wakati Dodoma ina zabibu, na zabibu ni mchoro rahisi kuliko yote. Chukua duara moja, shikilia Shift wakati wa kulivuta lisiwe yai, liwe la sentimita 2.4. Ondoa mstari wa nje. Rangi iwe ya kufifia kutoka katikati, Gradient ya Radial: katikati zambarau iliyokolea kidogo, RGB 140, 70, 135, na pembeni giza, 70, 20, 66. Bonyeza Ctrl+D, sogeza nakala kulia hadi iguse ya kwanza, kisha bonyeza Ctrl+D tena mara tatu: PowerPoint inakumbuka umbali ulioupa nakala ya kwanza na kuurudia wenyewe. Hiyo ni safu ya juu ya punje 5. Zinazofuata ni 4, 3, 2, 1, kila safu ikiingia nusu punje kati ya zile za juu yake. Jumla 15. Ukiacha pembetatu kamili itaonekana kama mipira ya biliadi. Futa punje moja ya ukingoni na usogeze mbili tatu ovyo, ndipo inakuwa kichala. Chagua zote, Ctrl+G, zimefungwa pamoja. Anayependa zabibu nyeupe, zile za Chenin Blanc, abadili rangi tu.

Mbuyu unaanza na umbo la Trapezoid kwa shina, kisha Edit Shape, Edit Points, uvute kingo ziwe na mabonde. Zingatia msimu. Kadi ya Krismasi mbuyu uwe na majani, kwa kuwa mvua zimeanza. Kadi ya Nane Nane, mwezi wa nane wa ukame, matawi yawe matupu kama mizizi iliyogeuzwa juu. Mtu wa Nzuguni atakayeona mbuyu umenawiri Agosti atajua mchoraji anakaa Pwani.

Kadi ya Idi ina mtego wake. Umbo la Moon la PowerPoint limesimama, tumbo kushoto na pembe kulia, na ndivyo unavyoonekana kwenye kadi nyingi kutoka nje. Lakini Dodoma iko karibu na nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na huku mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kuzama ukiwa umelala kama bakuli, pembe zikitazama juu. Chagua umbo hilo, fungua Format Shape, Size, na kwenye Rotation andika 270. Punguza au ongeza nyuzi kumi na tano usiwe mnyoofu mno. Ni badiliko la sekunde tano, lakini kadi inakuwa ya anga la hapa. Tarehe ya Idi usiandike, kwani inategemea huo mwezi wenyewe. Andika Eid Mubarak na, ukitaka, 1 Mfungo Mosi kwa Idi ya kufungua au 10 Mfungo Tatu kwa Idi ya kuchinja, ambazo hazibadiliki hata mwezi ukichelewa siku moja.

Rangi: epuka maandishi mekundu juu ya kijani, hata kama ndiyo desturi ya Krismasi. WhatsApp inaibana picha yako kuwa JPEG, na JPEG huhifadhi mwanga kwa makini lakini rangi kwa uchache. Nyekundu na kijani mara nyingi zina mwanga unaokaribiana, kwa hiyo ukingo wa herufi unategemea rangi peke yake, na hapo ndipo unapochakaa na kuwa kama umelowa maji. Kwenye kompyuta yako kadi ni safi, kwenye simu ya shangazi imefifia, nawe unalaumu mtandao. Herufi nyeupe au za rangi ya maziwa juu ya kijani kizito hazina tatizo hilo.

Picha ya familia inaingia vizuri kwa Crop, kisha Crop to Shape, lakini ukitaka iwe mandhari ya kadi nzima usiandike juu yake moja kwa moja. Weka mstatili mweusi juu ya picha, bila mstari wa nje, wenye Gradient ya Linear: chini Transparency asilimia 35, juu asilimia 100. Maandishi yakae pale chini penye giza. Picha zilizopigwa saa sita ya jua la Dodoma huacha vivuli vyeusi machoni, na Corrections ya PowerPoint inaongeza mwanga wa picha nzima, haichagui uso. Ukipandisha zaidi ya asilimia 20 anga linakuwa karatasi. Bora kupiga upya saa kumi na moja jioni. Jambo jingine: PowerPoint hupunguza ubora wa picha kila unapohifadhi faili. Ingia File, Options, Advanced, uweke alama kwenye Do not compress images in file kabla ya kuingiza picha, kwa sababu iliyokwisha kupunguzwa hairudi.

Tuje kwenye majina. Hii ndiyo sababu PowerPoint inashinda, na ni jambo ambalo watumiaji wengi wa miaka mingi hawajawahi kuligusa. Tuseme kwaya, saccos au ofisi ina watu 80, na kila mmoja apate kadi yenye jina lake. PowerPoint haina ile njia ya Word ya kuunganisha barua na orodha, lakini ina mlango wa nyuma.

Ingia View, Slide Master. Bofya Insert Layout upate ukurasa mpya, na humo ndani uchore kadi yote: mandhari, zabibu, salamu, jina la anayetuma. Kile kisanduku cha kichwa kilichokuja nacho, cha Title, kiburute hadi mahali pa jina la anayepokea, ukipe fonti na saizi unayotaka. Upe ukurasa huo jina, mfano Kadi, kisha Close Master View. Sasa fungua Notepad, uandike majina, kila mstari mtu mmoja:

Babu na Bibi, Kongwa
Mama Neema, Chang'ombe
Mwalimu na familia, Kikuyu

Hifadhi kama faili la txt. Rudi PowerPoint, Home, mshale ulio chini ya New Slide, chagua Slides from Outline, uoneshe faili lile. Kila mstari unakuwa slaidi, na jina linakaa kwenye Title. Chagua slaidi zote upande wa kushoto kwa Ctrl+A, bofya Layout, chagua Kadi, kisha bofya Reset ili herufi zifuate mpangilio wako. Futa ile slaidi tupu ya mwanzo. Sasa File, Save As, PNG au JPEG, na ukiulizwa jibu All Slides. Unapata folda yenye Slide1, Slide2 hadi Slide80. Ukigundua umeandika "Mwaka Mpyaa", unasahihisha mara moja kwenye Slide Master, zote zinafuata.

Panapoharibika hapa ni patatu. Mstari ulioanza na Tab hauwi slaidi mpya, unaning'inia kama maandishi ya mtu aliyetangulia. Ukinakili orodha kutoka Excel, hakikisha ni safu moja na haina nafasi mwanzoni. Ritifaa ya ng' iliyopinda, ile inayowekwa na Word, inaweza kugeuka alama za ajabu, hivyo iandike upya ndani ya Notepad iwe iliyonyooka. Na majina marefu: usitegemee PowerPoint isinyaze herufi yenyewe, maana mara nyingi hufanya hivyo pale tu unapogusa maandishi ya slaidi husika. Tafuta jina refu kuliko yote katika orodha, pima saizi kwa hilo, na kwenye kisanduku cha Title chagua Do not Autofit. Halafu zipitie picha moja moja kabla ya kutuma. Kadi ya Mama Neema ikimfikia Mama Rehema ni balaa kuliko kutotuma kabisa, na kama mama wa watu ni mkweo, sikukuu yako imekwisha hapo.

Kadi ya video pia ni ya PowerPoint. Impress haina njia yake ya kutoa MP4, na kwenye orodha ya kupakua ya Google Slides haimo. Slaidi tatu za sekunde 5 kila moja zinatosha. Kila kinachosogea kipe Start ya After Previous au With Previous, kisiwepo cha On Click, kwa kuwa kwenye video hakuna wa kubofya. Fade ya sekunde 0.75 inapendeza kuliko mbwembwe zote za kuzunguka na kudunda. Mwenye toleo la 2019 au Microsoft 365 atumie Morph: rudufu slaidi, kwenye nakala pandisha mwezi juu, weka Transition ya Morph, na mwezi utapanda taratibu wenyewe. Kisha File, Export, Create a Video. Kwa kadi ya wima usiamini jina la ubora peke yake. Faili likikamilika bofya kulia, Properties, Details, uone Frame width na Frame height ni ngapi.

Sauti inaleta uhai kuliko muziki wowote wa kupakua. Babu akisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa sekunde tatu, kadi hiyo itazunguka ukoo mzima. Ila ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni faili la opus, na PowerPoint hailitambui. Utaona kosa la codec ukadhani kompyuta ni mbovu. Mrekodi kwa kinasa sauti cha simu, ambacho mara nyingi hutoa m4a, kisha Insert, Audio, na kwenye Playback ubofye Play in Background ili ile alama ya spika isionekane.

Wakati wa kutuma, picha itume kama picha na uchague HD. Kuituma kama dokumenti kunalinda ubora wote, lakini inafika kama faili la kufungua, na wazee wengi hawafungui faili. Dokumenti iwe kwa anayekwenda kuchapa. PNG yenye picha ya kamera hufika MB 2 au 3 kwa urahisi, hivyo kwa watu 80 tumia JPEG, bando lipumue.

Anayetaka ya karatasi asipeleke steshenari kadi ya simu. Pikseli 1080 kwa uchapaji wa 300 kwa inchi ni sentimita 9 tu za upana. A5 inataka 1748 kwa 2480. Tengeneza faili la pili la sentimita 14.8 kwa 21, acha nusu sentimita kila ukingo, uhifadhi kama PDF. Ukipeleka faili la PowerPoint lenyewe, kompyuta ya pale isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, "Krismasi Njema" itavunjika mistari miwili na kulalia zabibu. PDF haina mchezo huo. Na flashi unayoingizia pale, usiichomeke kwenye kompyuta yako ukirudi kabla ya kuiskani, maana kompyuta ya kuchapisha kwa umma hupokea flashi za mji mzima.